Mbele ya kununua gita ya besi ya mupya, tufungue hii ya zamani

Mwezi uliopita, vijana wa orkestra ya parokia yetu, hapa Likasi, walikuja kwetu wazee na bahasha. Mu bahasha mulikuwa dola 240. Franga hiyo ilitoka mu mifuko ya watu tunaowajua: wamama wanaouza unga sokoni, wababa wanaoingia mu mine kwa zamu ya usiku, vijana wanaochimba kwa mikono na kubeba magunia ya mawe kwa mugongo. Walichanga miezi saba. Walitaka tuongeze dola 60, waende Lubumbashi kununua gita ya besi ya mupya.

"Papa, hii ya zamani ilishakufa," mupiga besi alituambia. "Iko nalia sawa nyuki mu mutungi. Siku ya ndoa batu balitucheka."

Tukamuuliza: "Mwana, mulishafungua ndani?"

"Hapana, papa. Hatuyafungua."

Juu ya jibu hilo njo tunaandika leo. Sisi ni wapiga muziki wa zamani, na kati yetu muko wawili waliofanya kazi ya umeme mu viwanda vya shaba mpaka pansheni. Tunasema wazi: gita nyingi za besi zinazotupwa mu makanisa na mu nganda zetu hazijafa. Ugonjwa wao uko mu waya, na mara nyingi unapona kwa franga kidogo. Kuchanga dola 300 mbele ya kufungua skrubu kumi ni kutupa jasho la watu. Na tunasema neno la pili: watu wanaotoa shaba na kobalti mu udongo hawapaswe kuogopa chombo kilichotengenezwa na shaba na kobalti.

Kisanduku cheusi chini ya nyuzi

Tuelewane kwanza juu ya jina. Mikro ya gita si ile mikro ya kuimba. Ni kile kisanduku cheusi cha plastiki kinachokaa chini ya nyuzi. Ndani yake kuko sumaku, na kuzunguka sumaku kuko waya ya shaba, nyembamba sawa unywele wa kichwa. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku, unatikisa nguvu ya sumaku ile, na mu waya ya shaba munazaliwa umeme mudogo sana. Umeme huo njo unapita mu kable mpaka ku ampli. Mutu aliyefanya kazi na dinamo ao na jenereta anajua kanuni hii. Ni ileile, kwa udogo.

Gita ya besi inayojulikana zaidi, Precision Bass ya kampuni Fender, ilitoka Marekani mwaka 1951. Tangu 1957 mikro yake imegawanywa vipande viwili. Ndugu yake, Jazz Bass, alifuata mwaka 1960, na yeye ana mikro mbili ndefu. Nyingi za gita tunazoona hapa kwetu ni mwigo wa moja kati ya hizo mbili, hata kama jina lililoandikwa ku kichwa ni lingine.

Sasa tupige hesabu ambayo mutu wa mine anaweza kuielewa kupita mupiga muziki. Waya ya mikro ya Precision ina unene wa milimeta 0,063 hivi. Inazungushwa karibu mara 10.000 kwa kila kipande. Ukiinyoosha yote, unapata karibu kilometa 2 za waya. Kilometa mbili mu kisanduku kinachoenea mu kiganja! Lakini ukiipima ku mizani, ni gramu 50 na kidogo. Bei ya shaba ikiwa dola 10 kwa kilo, shaba hiyo yote ni ya nusu dola.

Na sumaku? Mikro nyingi nzuri zina sumaku inayoitwa alniko. Jina lenyewe linataja vitu vilivyo ndani: aluminiumu, nikeli, kobalti. Mu aina ya 5, inayotumiwa sana, karibu robo ya uzito ni kobalti, ingine mingi ni chuma, na kuko hata shaba kidogo. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Hatusemi kila mikro iko na jiwe la Likasi ao la Kolwezi. Jiwe halina kitambulisho. Lakini vitu vinavyotoka hapa kwa lori vinarudi mu kisanduku kidogo, na mikro ya kampuni yenye jina mara nyingi inapita dola 80. Kati ya nusu dola na dola 80 kuko nini? Kuko kazi ya mikono, mashini, tangazo, na zaidi ya vyote kuko ujuzi. Ujuzi huo hauchimbwi. Unafundishwa.

Tulichokuta ndani

Turudi kwa gita ya vijana. Vyombo vyetu vilikuwa turnevisi, multimetre na chuma cha sudire. Vyombo hivi viko mu nyumba ya kila fundi wa umeme.

Mbele ya kufungua, tulifanya majaribio mawili. La kwanza: tulishusha sauti ya gita mpaka sifuri. Kelele ikanyamaza. Maana yake, kable na ampli hazikuwa na kosa; kama kelele ingebaki, tungetafuta huko. La pili: tulipandisha sauti, tukashika nyuzi kwa mukono. Mu gita nzima, kelele inapungua ukishika nyuzi. Mu hii haikubadilika hata kidogo. Tukajua kuko waya imekatika.

Skrubu zilipotoka, tukaona kweli. Waya mudogo unaotoka chini ya kile chuma kinachoshika nyuzi ulikuwa umekatika. Sudire ya jaki ilikuwa imepasuka, njo maana sauti ilikuja na kuondoka kila mupigaji alipotembea. Potansiometre, vile vifungo vya kuzungusha, vilijaa vumbi yetu nyekundu. Na tundu la mbao lilikuwa uchi: hakuna karatasi ya chuma ya kuzuia kelele ya umeme wa nyumba isiingie mu waya.

Kisha tukapima mikro yenyewe. Multimetre ikasoma kilo-omu 10,4. Mikro ya Precision ikisoma kati ya 10 na 12 hivi, ni nzima. Za Jazz zinasoma 7 mpaka 9, kila moja. Multimetre ikikataa kusoma, waya imekatika ndani. Ikisoma sifuri, waya zimegusana. Yetu ilikuwa nzima kabisa. Kile vijana walichokiita maiti kilikuwa na moyo unaopiga.

Tulinunua potansiometre mbili za kilo-omu 250, dola 6. Jaki ya mupya, dola 2. Dawa ya kusafisha na bati ya sudire, dola 7. Karatasi ya aluminiumu ya jikoni na gundi, dola 3. Tulibandika karatasi ile mu tundu lote na nyuma ya kifuniko. Aluminiumu haishiki sudire, kwa hiyo tulikaza waya kwa skrubu na ringi. Tuliangalia vizuri ncha ya jaki isiguse karatasi, juu ikigusa, gita inanyamaza kabisa. Kondansatere ya kupunguza ukali wa sauti tuliitoa mu redio ya zamani: nanofaradi 47, kipimo kinachopatikana karibu mu kila redio iliyokufa. Bei yake ilikuwa sifuri.

Jumla ni dola 18 na muchana mumoja wa jumamosi. Jumapili iliyofuata mutoto alipiga misa nzima. Nyuki walikuwa wamehama.

Mikro ya mupya inafaa lini?

Hatusemi mutu asibadilishe mikro. Tunasema kuko mustari wa kufuata, na watu wanaanza kwa mwisho.

Mbele ya kununua, rekebisha urefu wa mikro. Kuko skrubu ku kila upande. Hiyo ni bure. Kandamiza uzi mwishoni kabisa mwa shingo, kisha pima nafasi kati ya uzi na mikro: milimeta 2 mpaka 3 inatosha. Ikiwa mbali, sauti inakuwa dhaifu na watu wanasema mikro ni mbaya. Ikiwa karibu sana, sumaku inavuta uzi na noti inapotea. Tumeona watu wametoa franga kwa ugonjwa wa skrubu mbili.

Ikiwa waya ni safi, potansiometre ni nzima, nyuzi ni nzuri, na sauti bado haina mwili, hapo mikro ya mupya inaweza kuleta faida. Lakini pima tundu. Mu Jazz Bass, mikro ya karibu na shingo ni fupi kidogo kupita ile ya chini. Wengi wananunua mbili za urefu mumoja, kisha wanachonga mbao kwa kisu. Na msidanganywe na jina lililoandikwa ku kisanduku. Siku moja sisi wenyewe tulinunua sokoni mikro yenye jina kubwa, kwa bei ya alniko. Tulipoifungua, chini yake kulikuwa bamba ya feriti iliyobandikwa. Feriti si mbaya. Kuko gita nzuri zenye feriti. Ubaya ni kulipa kobalti na kupewa kitu kingine. Mutu wa mine anajua uchungu wa kudanganywa ku mizani. Basi asikubali kudanganywa ku sumaku.

Kisha kuko ile wanayoita aktivu: gita yenye kiampli kidogo ndani, inayokula betri ya volti 9. Music Man StingRay, iliyotoka mwaka 1976, njo ilifanya watu wengi waipende. Sauti yake ni kali na unaweza kuirekebisha vizuri. Lakini betri inaliwa kila wakati jaki iko ndani, hata gita ikilala ku kiti. Mutoto akisahau kuchomoa kable jumamosi, jumapili besi inanyamaza katikati ya wimbo, na betri nzuri haipatikani kila pahali. Kwetu hiyo ni ngazi ya mwisho. Vijana wanaitaka kwanza kwa sababu wameiona mu video.

Na kuko gita ambayo hatuwezi kuitetea. Ikiwa shingo imepinda na haikubali kurekebishwa, ao mbao imepasuka pale shingo inaposhika, usitie franga mu umeme wake. Toa mikro na vyuma, viweke, vitasaidia ingine.

Jambo la uzima na kifo

Hapa tunaomba wazazi wasome polepole. Kuko mafundi wanaotuliza kelele ya ampli kwa kukata muguu wa tere ku prizi, ile waya ya tatu inayoingia mu udongo. Kelele inanyamaza kweli. Lakini nyuzi za gita zimeunganishwa na mwili wa chuma wa ampli. Siku ampli itakapoharibika ndani, umeme wa nyumba utapanda mu nyuzi. Mupiga besi ameshika nyuzi kwa mikono miwili, na mdomo wake unakaribia mikro ya kuimba inayotoka ku mashini ingine. Umeme unapita katikati yake. Wakati ule hakuna wimbo tena.

Sisi tuliofanya kazi ya umeme tumeona yale umeme unafanya kwa mutu. Mu kiwanda, mutu akikata tere kwa makusudi, anafukuzwa. Mu kanisa tunamupigia makofi juu kelele imeisha. Hiyo haifai. Kelele inatafutwa mu gita: waya ya chini ya nyuzi, karatasi ya kuzuia, sudire nzuri. Tere inabaki. Hata tukitumia jenereta wakati umeme umekatika, prizi zote za orkestra zitoke pamoja, na ziwe na tere moja.

Njo maana vijana walipoona dola 222 zimebaki mu bahasha, tuliwapa shauri na wakalikubali. Sehemu ya franga ilienda kwa fundi aliyerudisha tere na prizi nzuri mu chumba cha muziki. Zingine ziko mu kisanduku, na mama mumoja wa sokoni anashika ufunguo.

Kuzungusha waya wenyewe

Tulisema ujuzi unafundishwa. Hatukutaka kubaki ku maneno.

Jirani yetu mupiga muziki wa nganda alikuwa na gita ya aina ya Jazz yenye mikro moja iliyokufa. Multimetre ilikataa kusoma. Dereva mumoja wa lori alituletea kutoka Johannesburg kibobini cha waya nyembamba. Tulichukua cherehani ya mukono, tukafunga mikro pale ambapo panajazwa uzi, na kijana mumoja akawa anahesabu.

Mara ya kwanza, waya ilikatika mbele ya kufika 3.000. Mara ya pili, ilikatika kwa 5.000 na kitu, juu fundi alipiga chafya. Tulicheka, lakini waya ilipotea. Mara ya tatu, yule kijana alishika waya kati ya vidole viwili vyenye kitambaa, polepole, jioni mbili. Multimetre ikasoma 7,6. Tulipoirudisha mu gita, kila mikro ililia vizuri peke yake, lakini zote mbili pamoja zilitoa sauti nyembamba sawa redio ya mbali. Tulikuwa tumezungusha kwa upande usiofaa. Tuligeuza waya mbili, hii pahali pa ile, na besi ikarudi na tumbo lake. Hata kelele ilizimika wakati mikro zote mbili zimefunguliwa sawasawa, kwa sababu kila moja inaua kelele ya mwenzake.

Mikro ile si nzuri kupita ya Marekani. Hatutaki kudanganya watu. Ni mikro inayolia, iliyotengenezwa Likasi, na yule kijana sasa anaweza kuifanya tena. Watu wawili wameshamuletea gita.

Wanaosema kinyume

Kuko wanaotuambia: "Wazee, munawanyima vijana kitu cha mupya." Tunaelewa. Kijana anayeona kila siku gari za mupya za makampuni anataka yeye pia ashike kitu kinachong'aa. Haya si zambi. Siku wataweza, wanunue. Lakini wanunue wakijua wanalipa nini, na wasinunue kwa sababu ya waya mudogo uliokatika.

Wengine wanasema: "Mafundi wa hapa wanaharibu." Ni kweli kwa wengine. Tumeona sudire sawa mavi ya kuku, na potansiometre iliyomwagiwa mafuta ya gari. Dawa yake ni kufundisha fundi, na kumulipa. Kazi ya mutoto wa jirani si bure juu ni mutoto wa jirani.

Na wengine wanasema muziki si kazi, mutoto asome ujuzi wa mine. Tunawajibu: huu ni ujuzi wa mine. Kijana anayejua kupima omu, kutafuta waya iliyokatika, kutia sudire safi na kuheshimu tere, kesho anaweza kusimama mbele ya motere bila kutetemeka. Gita ni shule ndogo ambayo mutoto anaipenda mwenyewe.

Mu muji huu huu, wakati ulipoitwa bado Jadotville, mwaka 1952, Hugh Tracey alirekodi Mwenda Jean Bosco na gita kavu, bila mikro ndani, bila ampli. Wapiga gita wa inchi za mbali wanajifunza vidole vyake mpaka leo. Hatumutaje ili kusema umeme ni bure. Tunamutaja ili kukumbuka kwamba hapa kwetu muziki ulianza na mikono inayojua chombo chake.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kila orkestra ya parokia, ya nganda, ya kambi, ifungue gita yake mbele ya kupitisha bahasha. Mafundi wa umeme waliopata pansheni wapeane jumamosi moja kwa mwezi, na multimetre yao. Na shule zetu za ufundi zilete mikro ya gita ku meza mbele ya wanafunzi: sumaku, waya ya shaba, uzi unaotetemeka. Hakuna njia nyepesi kupita hiyo ya kuwaonyesha umeme unavyozaliwa, na yale wababa wao wanayotoa mu udongo yanavyogeuka sauti.

Vijana wetu watapiga tena jumapili hii. Mupiga besi ametuomba kibobini cha waya. Tumemuambia aanze kwanza kuosha mikono.